Salamu ya Futikamba

9 Februari

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Mama Mdogo asije akasema nimemsahau. Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini kugomba hajaacha, kwa hiyo tunajua yuko salama. Dada amehamia chumba cha uani na amekipaka rangi ya chungwa kuta zote nne. Ukiingia unadhani umo ndani ya tunda.

Naandika kwa kalamu kama ulivyoamuru siku tulipohama: simu ni ya misiba na dharura, habari ni za barua. Haya, hii ni habari, tena inachemka hata kalamu haishiki mstari. Vumilia mwandiko.

Kazi yangu unaijua. Huu ni mwaka wa tatu naendesha ambulensi, na nesi wangu bado anasali kule nyuma kila nikikata kona. Shida yetu si mwendo, shida ni kufika. Mtu anapiga simu: "Njooni, mlango wa bluu, nyuma ya fundi viatu." Milango ya bluu iko kumi na saba, nimeihesabu! Mtaa wa mlimani kwenye ramani ni mweupe, kana kwamba haukai mtu, na wanakaa maelfu. Mwezi uliopita nilizunguka dakika arobaini nikimtafuta mama mwenye uchungu. Tulipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa, amelazwa kwenye shuka la jirani, anatutazama kama wageni waliochelewa. Walikuwa wazima wote wawili, lakini hiyo ilikuwa bahati, si kazi yetu.

Sasa sikiliza. Kumbe ramani iliyo kwenye simu ya gari letu inachorwa na watu wa kawaida wanaojitolea! Wako mtandaoni, karibu mia nne, wa miji mbalimbali, kila mtu na jina lake la utani. Unafungua picha iliyopigwa kutoka angani, unachora uchochoro unaoujua, mkaguzi anautazama, akiridhika unaingia kwenye ramani. Pembeni yake panaandikwa "chanzo", yaani jina la mtu aliyeijua njia ile. Nimejiunga! Nimeshachora njia tisa na choo kimoja cha umma. Mkunga wa zahanati ya mlimani naye amejiunga, na yeye anajua kila mlango kwa jina la mtoto aliyezaliwa ndani yake.

Ila nikuchekeshe. Ukijiunga tu, unapokelewa na salamu inayojituma yenyewe. Nakunakilia neno kwa neno: "Karibu ndugu yetu. Mwambie mkeo akutilie chai kwenye chupa, kisha kaa kitako kama chungu juu ya mafiga. Ramani haitaki mwanaume mwenye haraka."

Nilicheka. Kisha nikaangalia kulia na kushoto nikimtafuta huyo mke wangu, mimi mwanamke, nisimwone, nikaacha kucheka. Mkunga yeye hakucheka tangu mwanzo.

Wewe uliyepima ardhi miaka thelathini, kundi hili unalijua?

Mwanao,
Honi


2 Machi

Mwanangu Honi,

Marahaba, na Mama Mdogo naye ameitikia ya kwake kutoka jikoni. Hatujambo. Goti langu la kulia linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Paa la sebule lilikuwa linavuja, fundi akaja, akaliziba, sasa linavuja mahali pengine. Mama Mdogo tangu astaafu hatulii. Mtu aliyezoea kuzunguka nyumba hadi nyumba akisoma mita za maji, ukimfungia ndani ya kuta nne anahesabu vigae.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Honi! Jina hilo nilikupa kwa makelele yako ukiwa na miaka mitatu, sikujua ungekuja kulifanyia kazi na king'ora juu. Sasa nisikilize kwa makini. Uchochoro usiuchore tu, upime upana. Tembea na kamba. Chini ya mita mbili na nusu, gari lako halipiti, andika "machela". Palipo na mtaro andika mtaro. Kona uijaribu kwa miguu kabla ya magurudumu. Nimekuchorea mfano nyuma ya karatasi hii. Nimesisimka kama kijana, wallahi, nimetoa mpaka kamba yangu ya zamani nikaifuta vumbi.

Hiyo salamu usiibebe moyoni. Watu wanatania. Aliyeiandika pengine alikuwa anawachangamsha wenzake tu. Endelea na kazi.

Mama yako mwambie anywe maji ya tangawizi na apunguze kugomba, kifua kipumzike.

Baba yako mdogo


10 Machi

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama kasema tangawizi atakunywa lakini kugomba ni haki yake. Dada ameanza kuchoka na rangi ya chungwa, anasema inamwamsha njaa.

Swali langu la kundi hukulijibu. Haya, twende.

Kamba nimeipata! Mimi na nesi tumepima vichochoro kumi na vinne wakati wa mapumziko, yeye ameshika ncha moja, mimi nyingine, na watoto wa mtaa wote nyuma yetu wakisoma namba kwa sauti kama darasani. Baba Mdogo, sijawahi kufurahia kazi isiyo na mshahara namna hii. Juzi tumeitwa mlimani kwa mzee aliyeanguka bafuni, nikafuata mstari nilioupima mwenyewe kwa mkono wangu, dakika tisa! Nesi alisahau kusali.

Hiyo ni tamu. Sasa chungu.

Kuna mkaguzi anajiita Nyundo. Vichochoro vyangu vinane ameviondoa. Haandiki kwamba upana si sahihi. Anaandika: "Dada, ramani si mapambo." Kingine: "Mwombe mumeo au kaka yako ahakikishe, kisha urudi." Nikamjibu kwamba mimi ndiye dereva wa gari linalopita pale. Akajibu kwa kichekesho cha wanawake na usukani, wenzake thelathini wakacheka. Kucheka huko kunaonekana, kila mmoja na alama yake ya meno nje.

Nesi wangu, ambaye ramani huishika juu chini, akasema, "Lete, niutume mimi." Tukawekeana dau la soda. Akatuma mmoja wa vile vinane, upana uleule, kwa jina lake la utani ambalo ni la kiume. Ukapita ndani ya robo saa. Nyundo mwenyewe akampa pongezi: "Kazi safi, mkuu." Nesi aliona aibu, akauondoa, hata soda yake hakuimaliza.

Na mkunga ameondoka. Kila akiandika neno, chini yake wanauliza picha yake iko wapi, ana umri gani, ameolewa? Alivumilia wiki tano. Siku ya mwisho aliniambia, "Honi, mimi nimeitwa majina yote na wanawake wenye uchungu na sikukasirika, lakini hawa hawana hata uchungu." Akafunga simu. Nusu ya mlima imebaki nyeupe, kwa sababu nusu ile anaijua yeye tu.

Sikukaa kimya. Nimepeleka pendekezo: mkaguzi akikataa njia aseme kosa la njia, si la mtu, maswali ya picha na ndoa yakome, na ile salamu iondolewe. Litajadiliwa kwenye baraza la kundi, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, kwa sauti mtandaoni. Likianguka, mimi pia natoka, na mlima ubaki mweupe. Nimesema na sirudi nyuma.

Mambo ya kundi yanaamuliwa kwa kura, lakini kura huwafuata waanzilishi watatu. Wawili wanafuata upepo. Wa tatu ni mzee mmoja anaitwa Futikamba. Huyo wanamheshimu, akikohoa tu wanasema amesema kweli. Mabishano yote haya ameyaona, maana jina lake linaonekana limewaka pale juu kila siku. Hajaandika hata nukta.

Ungekuwa wewe ni huyo mzee, ungefanyaje?

Honi


4 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Posta imelala au wewe?

Honi


13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Posta haina kosa.

Nimeanza barua hii mara sita. Tano zimewashia jiko. Kwa hiyo nitasema kwa mkupuo kama mtu anayekunywa dawa chungu: Futikamba ni mimi.

Salamu niliiandika mimi, miaka minane iliyopita, tulipokuwa watu kumi na mmoja, wote wastaafu wa kiume wenye viuno vibovu. Walicheka siku ile, nikavimba kichwa. Nikaiacha ijitume yenyewe, nami nikaisahau, nayo haikusahau kazi yake. Barua yako ya kwanza ilipofika niliisoma mara tatu, nilikuambia, lakini sikukuambia kwamba nilisoma kwa sababu ya hofu. Nikakupa somo la upana wa vichochoro. Nilikuwa najificha nyuma ya kamba.

Mabishano niliyaona. Kila mara nilisema moyoni, ni utani wa vijana, utapita. Mzaha mzaha hutunga usaha. Ukweli ni kwamba niliogopa kusema, kwa sababu Nyundo na wenzake wananiita mkuu, na mtu aliyestaafu haitwi mkuu mahali pengi.

Lakini kilichonivunja si hicho. Barua yako ya pili niliiacha mezani, Mama Mdogo akaisoma. Akaweka chupa ya chai karibu na kompyuta kama kawaida. Mimi nikamwonyesha picha kama kawaida, nikamuuliza, "Huu uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha sabuni unatokea wapi?" Maana ndivyo tunavyofanya, Honi. Mimi nachora, yeye anajua. Miaka ishirini na saba ya kusoma mita, hakuna mlango wa mji huu ambao hajaugonga. Mimi picha naiona kutoka juu, yeye njia ameipita kwa miguu.

Safari hii akaniuliza yeye: "Chai nimekutilia miaka minane, na njia nimekutajia miaka minane. Humo kundini kwako, mimi naitwa nani?"

Nikaenda kuhesabu. Njia mia tatu na kumi na mbili zina jina langu kwenye chanzo. Zangu za kweli, nilizozijua mwenyewe, ni sabini, nikijipendelea. Nilikaa pale, chai ikapoa.

Nisamehe. Salamu nitaifuta leo hii kimyakimya, na vichochoro vyako vinane nitavipitisha mwenyewe, nina uwezo huo. Tumalize jambo hili bila kelele.

Baba yako mdogo


20 Aprili

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mama kanikuta nacheka na kulia pamoja kwenye ngazi, akauliza nani amekufa.

Nilijua. Nilijua tangu mstari wa pili wa salamu. "Kaa kitako kama chungu juu ya mafiga." Nani mwingine duniani anasema hivyo? Nilikuwa na miaka saba, nimeshika ncha ya kamba yako katikati ya majani, najikuna, nataka kukimbia, ukaniambia maneno hayo hayo, na nikakaa kitako mpaka ukamaliza kupima. Siku ile niliamini kazi ya kupima ni yangu na wewe. Ndiyo maana iliniuma kuikuta mlangoni ikimkaribisha kila mtu isipokuwa mimi.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uniambie wewe. Nilikupa kamba ndefu, mwenye kamba. Miezi miwili! Nesi alisema hutasema kamwe, nikamwambia humjui huyu mzee. Ananidai soda, la, mimi namdai.

Sasa nisikilize wewe, kama ulivyosema nikusikilize. Salamu usiifute kimyakimya. Ilisemwa mbele za watu, itafutwa mbele za watu. Na vichochoro vyangu usivipitishe kwa mlango wa nyuma. Ukivipitisha kwa undugu, kesho Nyundo atasema, "Si mnaona? Nilisema mwombe kaka." Tena atakuwa na haki. Na msichana atakayejiunga baada yangu, ambaye hana baba mdogo mwanzilishi, yeye atapitishiwa na nani?

Njoo barazani. Sema kwa sauti yako kile ulichoniandikia, hata ile hesabu ya sabini. Najua nakuomba kitu kizito. Utapungukiwa na watu wa kukuita mkuu, lakini mimi nitakuwepo, nikiwa zamu au nisipokuwa.

Mama Mdogo hajambo? Mwambie mimi namwita shujaa, kama anatafuta jina.

Honi wako


2 Mei

Honi,

Marahaba mwanangu. Goti, paa, vyote viko vilevile, sina muda navyo. Nina habari!

Ulikuwepo, kisha hukuwepo. Mwenyekiti ameita tu, "Futikamba, tunakusikia," nikafungua mdomo, na kwenye sauti yako kikalia king'ora, ukasema "Samahani, naitwa!" ukakatika. Nilijisikia kama mtu aliyeachwa juu ya ukuta na ngazi ikaondolewa. Nikamtazama Mama Mdogo. Amevuta kiti pembeni yangu, amekunja mikono, uso kama wa siku zile mtu anapokataa kumfungulia mlango asome mita.

Nikasema yote. Nikasema salamu ni yangu na ni aibu yangu. Nikasema mpwa, sijui kwa nini nimesema mpwa, nilichanganyikiwa, nikarekebisha, mtoto wa kaka yangu ni dereva, anapima kwa kamba, na tumemwambia akamwombe mumewe. Nikasema kati ya njia zangu mia tatu na kumi na mbili, mia mbili na arobaini na mbili ni za mke wangu, na jina lake halipo popote.

Nyundo akadakia: "Mkuu, na wewe umeshakaliwa na mkeo?" Wakacheka. Honi, kicheko kile nilikuwa nakisikia miaka minane, siku ile ndiyo nilikisikia kwa masikio.

Kabla sijajibu, Mama Mdogo akavuta maikrofoni. Sijamwomba! Akasema polepole, "Mwanangu Nyundo, hujambo. Njia ya nyuma ya kiwanda cha sabuni uliichora wewe mwaka jana?" Akasema ndiyo. "Umeichora barabara ya gari. Umewahi kuikanyaga? Ina ngazi ishirini na sita. Nimezipanda kila mwezi kwa miaka ishirini na saba, na ya kumi na mbili imevunjika. Dereva akifuata mstari wako na mgonjwa nyuma, atatumbukia. Mimi sitaki kujua umeoa au hujaoa. Nataka ufute ile barabara."

Hakucheka mtu! Halafu wanawake wakaanza kufungua sauti zao, mmoja, wa pili, sikujua wako wangapi, wengine walikuwa kimya tangu mwaka wa kwanza. Mmoja ni fundi umeme. Mmoja alisema amekuwa akiandika kama mwanaume miaka mitatu. Baraza lilichukua saa nne na goti langu sikulisikia hata kidogo.

Kura: ndiyo mia na themanini na nne, hapana mia na tisa. Limepita lote. Watu kumi na mmoja wameondoka papo hapo wakifunga milango kwa kishindo, wawili kati yao ni rafiki zangu wa siku nyingi. Hilo limeniuma, sitakuficha. Nyundo ameacha ukaguzi, anasema kundi limeingiliwa. Lakini asubuhi nilipotazama, barabara ya kiwanda imefutwa, zimechorwa ngazi.

Mama Mdogo amejiandikisha. Jina lake ni Mita. Sasa kila siku tunakaa, nafungua njia moja moja, nafuta "Futikamba" kwenye chanzo, naandika "Mita". Anasimamia nyuma yangu. Nimefika sitini na tatu. Nikizidisha kasi anasema, "Kaa kitako."

Chai natia mimi. Anasema ni nyepesi.

Baba yako mdogo

Honi mwanangu, ni Mama Mdogo naandika hapa chini. Usimwamini, chai si nyepesi, ni maji. Salamu mpya wameniachia niandike mimi. Nimeifupisha, maneno mengi ni ya wanaume waliostaafu. Ukiwa na nafasi, iangalie.


15 Mei

Wapendwa wangu wawili,

Shikamooni. Mama hakohoi tena, sasa anagomba kwa sauti kamili. Dada amepaka chumba rangi nyeupe.

Siku ile ya baraza tuliitwa kwa mtoto aliyemwagikiwa na maji ya moto. Tulimfikisha, anaendelea vizuri, juzi ametoka na kofia ya nesi ambayo nesi hajarudishiwa. Na mimi, mnajua nilifanya nini? Sikufungua kundi. Siku kumi na mbili! Nesi alitaka kunisomea, nikaziba masikio. Nilitaka nisikie kwenu, kwa barua, kama habari. Postamasta amenikabidhi bahasha, nimeifungua palepale dirishani, na nilipofika kwenye habari ya zile ngazi ishirini na sita nimepiga kelele mpaka foleni yote imegeuka.

Barua mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa mkunga. Nikamsomea, pamoja na maji ya Baba Mdogo. Akasema, "Huyo Mita nimempenda," akatafuta simu yake. Tangu juzi amechora milango mia na nne. Kwenye kila mlango ameandika upana, ngazi, na upande wa kuingizia machela. Mlima unajaa, Baba Mdogo! Ukiutazama asubuhi na ukautazama jioni, si mlima uleule.

Vichochoro vyangu vinane nimevituma upya. Saba vimepita. Cha nane kimerudishwa na mkaguzi nisiyemjua, kwa maneno haya: "Upana hapa unaonekana mita mbili na robo, si mbili na nusu. Tafadhali pima tena." Nikaenda nikapima. Mbili na robo! Nimekataliwa kwa haki, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosea.

Kuna upumbavu mmoja nimefanya, mnisamehe. Salamu anaipata mgeni tu, na mimi si mgeni. Kwa hiyo nimejitoa kundini, nikajiunga upya. Alama zangu zote zimefutika, naonekana nimefika leo, hata kura sina mpaka miezi mitatu ipite. Nesi anasema nina wazimu. Nilikuwa nimeegesha gari chini ya mlima, zamu imeisha, king'ora kimezimwa, nikabonyeza na kungoja.

Ikaja.

"Karibu. Mimi ni Mita. Unajua njia gani ambayo sisi hatuijui?"

Mama Mdogo, nimeisoma mpaka macho yakajaa. Kisha nikaketi kitako, nikaanza kuandika zote.

Wenu,
Honi